Klaus Wachsmann: Mkimbizi kutoka Berlin aliyerekodi sauti za Uganda

Mfanyabiashara anayetoka Mbarara na magunia ya nguo au katoni za sabuni kwenda kuuza Nakivale anajua kwamba pale bei hutajwa kwa lugha nyingi. Makazi hayo ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro yalianzishwa mwaka 1958, na tangu hapo yamepokea Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni. Jumapili kwaya zinasikika kila upande, na ngoma za Burundi zina mdundo wake ambao haufanani na wowote mwingine.

Kuna neno moja ambalo wenyeji wa ukanda huu wote wanalifahamu, ingawa kila mmoja analitamka kivyake. Mnyarwanda na Mrundi wanasema inanga. Mnyankole na Mkiga wanasema enanga. Mhaya wa Bukoba anasema nanga, na Mshi wa Kivu Kusini anasema lulanga. Kitu chenyewe ni kimoja: ubao uliochongwa ukawa na umbo la sinia refu au mtumbwi mdogo, na uzi mmoja unaopitishwa juu yake mara nyingi, huku na huku, mpaka unakuwa nyuzi kadhaa. Mpigaji hukaa chini na kuimba kwa sauti ya polepole habari za ng'ombe, vita na watawala. Lakini nenda Buganda ukaulize ennanga, utaletewa kitu kingine kabisa, kinubi kilichopinda shingo, chenye nyuzi nane. Jina moja, bidhaa mbili. Mfanyabiashara aliyewahi kuagiza mzigo kwa simu kutoka nchi nyingine anaelewa shida hiyo.

Mtu aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko wengi wa wakati wake, akazunguka Uganda akirekodi, akipima na kuandika majina ya ala, alikuwa Mjerumani aliyekimbia nchi yake. Aliitwa Klaus Philipp Wachsmann.

Alizaliwa Berlin tarehe 8 Machi 1907. Mji huo miaka ya 1920 ulikuwa mmoja wa miji mikuu ya muziki duniani, na kijana Wachsmann alisomea humo historia na nadharia ya muziki wa Ulaya. Hata hivyo, kilichokuja kuamua maisha yake ni masomo aliyoyapata kwa walimu wawili, Erich von Hornbostel na Curt Sachs. Hornbostel alikuwa msimamizi wa hifadhi ya sauti ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900. Humo zilikusanywa sauti zilizorekodiwa kwenye mitungi ya nta kutoka pande zote za dunia, zikiwemo za makoloni ya Ujerumani, yaani na Tanganyika, Rwanda na Burundi za wakati huo. Mwaka 1914 wawili hao walitoa mpango wa kuzigawa ala zote za muziki za dunia katika makundi kulingana na namna sauti inavyotokea: kwa mwili wa ala yenyewe, kwa ngozi, kwa uzi au kwa pumzi. Mpango huo bado unatumika katika majumba ya makumbusho hadi leo.

Mwaka 1933 chama cha Nazi kilishika madaraka. Sheria ya Aprili mwaka huo iliwaondoa kazini watumishi wa umma wenye asili ya Kiyahudi. Hornbostel akafukuzwa, akafia Cambridge, Uingereza, mwaka 1935. Sachs akafukuzwa, akaenda Paris na baadaye New York. Wachsmann naye, ambaye familia yake ilikuwa na asili ya Kiyahudi, aliona milango ya Berlin imefungwa. Alihamia Fribourg, Uswisi, akamaliza shahada ya udaktari mwaka 1935 kwa utafiti kuhusu nyimbo za kale za Kanisa la Magharibi, zilizokuwapo kabla ya zile zinazoitwa za Kigregori. Huo ulikuwa utaalamu wa kumfanya awe profesa katika chuo chochote cha Ulaya, kama Ulaya ingekuwa na nafasi kwa mtu wa damu yake.

Haikuwa nayo. Alipita London, akajifunza lugha za Kibantu katika chuo cha masomo ya nchi za Mashariki na Afrika, na mwaka 1937 akaingia Uganda.

Hapa inafaa kusema wazi. Wachsmann alikuwa mkimbizi, lakini hakuwa mkimbizi kama wa Nakivale. Hakupanga foleni ya kuandikishwa wala ya mgao wa chakula. Aliingia katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza akiwa Mzungu mwenye shahada ya udaktari, na akapata kazi katika elimu ya misheni za Kiprotestanti. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, maelfu ya Wapolandi waliofukuzwa makwao waliletwa Uganda wakawekwa katika kambi za Nyabyeya, Masindi, na Koja, karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo historia ya Uganda ya kupokea wakimbizi ilianza na watu wa Ulaya, jambo ambalo wengi wanaozungumzia suala la wakimbizi leo hawalikumbuki.

Shule za misheni ndizo zilizokuwa na piano na kinanda cha kanisani. Humo watoto wa Kiganda, Kinyankole na Kisoga walifundishwa nyimbo za Kiingereza kwa sauti nne, na ngoma za nyumbani kwao zikahesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Wachsmann alifanya kazi ndani ya mfumo huohuo, lakini sikio lake lilikuwa limefunzwa na Hornbostel. Alikuwa anasikiliza upande wa pili wa ukuta.

Mwaka 1948 alikabidhiwa kazi ya mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, akaishika mpaka 1957. Hiyo ndiyo miaka tisa iliyomfanya akumbukwe. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala, na kwa muda yakahifadhiwa Makerere chini ya Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa. Mwaka 1954 yalihamia jengo lake la sasa, mtaa wa Kitante, lililosanifiwa na Ernst May. May naye alikuwa Mjerumani aliyeishi uhamishoni wakati wa utawala wa Hitler. Ndiyo kusema jengo linalotunza urithi wa Waganda, Wanyankole, Waacholi na wengine lilichorwa na mkimbizi, na lilipofunguliwa mhifadhi wake alikuwa mkimbizi.

Wachsmann hakutaka ala zilale kwenye makabati ya vioo. Ngoma isiyopigwa, kwa maoni yake, haikuwa imehifadhiwa. Aliajiri wanamuziki ili wageni wasikie kile wanachokitazama, na kati yao aliyejulikana zaidi alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji aliyetoka katika kasri la Kabaka. Muyinda alijua marimba ya amadinda yenye vibao 12 na akadinda iliyo kubwa zaidi, alipiga endingidi, ambalo ni zeze la uzi mmoja, na alijua ala nyingine nyingi. Miaka michache baadaye, mwaka 1959, kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, alikwenda kwake kujifunza, na kutokana na mafunzo hayo wasomi wa dunia wakaelewa jinsi wapigaji wawili wa amadinda wanavyopishanisha mapigo yao, kila mmoja akijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, mpaka msikilizaji anasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Muyinda alifundisha wengi, wa ndani na wa nje. Jina lake linastahili kutajwa kila linapotajwa la Wachsmann, na si mara zote linatajwa.

Kuanzia mwaka 1949 hadi miaka ya mwanzo ya 1950, Wachsmann alisafiri sehemu nyingi za Uganda akiwa na mashine ya kurekodi. Mashine za wakati huo hazikuwa za kubebwa mfukoni. Zilikuwa mzigo wa kupakiwa kwenye gari, zikihitaji umeme wake na uangalizi wake, na barabara zilikuwa za vumbi na tope. Alirekodi zaidi ya vipande 1,000: wapiga vinubi na marimba wa Buganda, nyimbo za Busoga, za kaskazini, na za magharibi, Ankole ikiwemo.

Ankole ya wakati huo ilikuwa bado ufalme. Omugabe Gasyonga II alitawala tangu 1944, kasri lake likiwa Kamukuzi, Mbarara, mahali ambapo leo wengi hupita wakienda ofisini bila kutazama pembeni. Moyo wa ufalme huo ulikuwa ngoma, Bagyendanwa. Ilikuwa na nyumba yake na ng'ombe wake, na ilikuwa na mke, ngoma nyingine iliyoitwa Kabembura. Mtu mwenye shida aliweza kuiletea ngoma ombi lake. Ukiondoa ngoma hiyo, pamoja na omukuri, ambayo ni filimbi ya wachungaji, enanga na nyimbo za kusifu ng'ombe, kinachobaki cha Ankole ya zamani ni ramani tu.

Katika safari hizo Wachsmann hakukusanya sauti peke yake. Alipima. Alitaka kujua ala za Uganda zimekazwa vipi, yaani umbali kati ya sauti moja na inayofuata. Piano ina vibonye 12 kutoka sauti moja mpaka jirani yake ya juu yenye jina lilelile, na umbali kati yao ni sawa. Kinubi cha Buganda kina hatua tano tu katika umbali huohuo. Wamisheni na walimu wengi walidhani hatua hizo tano ni zilezile za vibonye vyeusi vya piano, labda zimekosewa kidogo kwa sababu mpigaji hana kifaa cha kupimia. Wachsmann alipima kinubi kimoja akakuta jambo tofauti: hatua zile tano zilikaribia kuwa sawa kwa sawa, kana kwamba fundi ameugawa urefu mzima katika mafungu matano. Hakuna kibonye cha piano, cheusi wala cheupe, kinachoweza kutoa mpangilio huo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1950 katika jarida la sayansi la Nature la London.

Kwa msomaji wa leo hilo laweza kuonekana dogo. Halikuwa dogo. Kwa miaka 50 mwanafunzi wa Kiafrika aliyeimba kwa hatua za kwao katika darasa la muziki alisahihishwa, akaambiwa anaimba nje ya sauti. Kipimo cha Wachsmann kilionyesha kwamba sikio la mpiga kinubi wa Kabaka lilikuwa na kanuni yake, na kwamba kosa lilikuwa la mwenye piano aliyedhani mizani yake ndiyo mizani ya dunia. Wanaouza maharage mpakani wanajua ugomvi huo: debe la upande huu si debe la upande ule, na kila muuzaji huapa kwamba la mwenzake ndilo lililopungua.

Mwaka 1953, pamoja na Margaret Trowell, alitoa kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda, yeye akiandika sehemu ya ala za muziki. Ni katika kazi ya aina hiyo maswali ya majina yalipomshughulisha: kwa nini enanga ya kusini magharibi ni ubao na ya Buganda ni kinubi, nani alilichukua jina kwa nani, na ala zilisafiri kwa njia ipi. Alikuwa mwangalifu kutojibu haraka. Wengine waliomtangulia walikuwa wepesi wa kuchora mishale kwenye ramani kuonyesha watu walivyohama. Yeye alitaka kwanza kusikia.

Mwaka huohuo wa 1953, tarehe 30 Novemba, gavana Mwingereza alimfukuza nchini Kabaka Mutesa II, akamrudisha Oktoba 1955. Wanamuziki wa kasri walikaa karibu miaka miwili bila mfalme wa kumpigia. Lakini hilo lilikuwa onyo tu la yaliyokuja baadaye, wakati Wachsmann alipokuwa ameshaondoka.

Aliondoka Uganda mwaka 1957. Kuanzia 1958 hadi 1963 alifanya kazi London, akisimamia makusanyo ya vitu vya kale na vya tamaduni katika taasisi ya Wellcome. Alikuwa sasa ni raia wa Uingereza. Mwaka 1961, akishirikiana na Anthony Baines, alitafsiri kwa Kiingereza ule mpango wa ala wa walimu wake, Hornbostel na Sachs. Yaliyokuwa yamefungiwa katika Kijerumani cha Berlin ya 1914 yakaenea duniani kote. Kwa mwanafunzi ambaye walimu wake wote wawili walifukuzwa kazini, ni vigumu kufikiria shukrani iliyo kubwa kuliko hiyo.

Uprofesa aliokosa Ulaya aliupata Marekani akiwa na umri wa miaka 56. Alifundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kuanzia 1963 hadi 1968, kisha Northwestern karibu na Chicago hadi alipostaafu mwaka 1975. Mwaka 1971 alihariri kitabu cha makala kuhusu muziki na historia katika Afrika. Alirudi Uingereza, akaishi Tisbury, kusini mwa nchi hiyo, akafariki huko Julai 1984.

Wakati huo Uganda aliyoirekodi ilikuwa imepotea kwa sehemu kubwa. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali lilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Mutesa alikimbilia uhamishoni, wanamuziki wa kasri wakatawanyika, na ala zikaharibiwa. Entenga, kundi la ngoma 12 zilizokazwa kama marimba na nyingine tatu za kusindikiza, zilizopigwa na watu sita, lilikaribia kutoweka kabisa. Mwaka 1967 katiba mpya ilifuta falme zote. Gasyonga akawa Omugabe wa mwisho kutawala Ankole. Falme za Buganda, Bunyoro na Toro zilirudishwa kuanzia 1993. Wa Ankole haukurudishwa, na Kamukuzi bado hakuna mfalme.

Sauti zenyewe zilikuwa London. Hili ndilo jambo gumu katika habari za Wachsmann, na wanaomsifu huwa wanalipita haraka. Waliompigia vinubi na kumwimbia katika miaka ile walikuwa watu wazima; wengi walikufa bila kusikia tena kile walichokitoa, na watoto wao hawakuwa na njia ya kukisikia. Mkusanyiko ulitunzwa vizuri katika hifadhi ya sauti ambayo sasa ni sehemu ya British Library. Ni haki pia kusema kwamba kama ungebaki Kampala katika miaka ya 1966, 1971 na 1979, hakuna anayeweza kuapa kwamba ungepona. Lakini nakala ingeweza kubaki. Mfanyabiashara akipeleka mali yote ng'ambo bila kubakiza hata risiti nyumbani, jamaa zake watauliza.

Marejeo yalichukua zaidi ya miaka 50. Juhudi za mwanataaluma wa Makerere, Sylvia Nannyonga-Tamusuza, zilifanikisha kuletwa kwa nakala za kidijiti kutoka London, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya muziki katika Chuo Kikuu cha Makerere iliyopewa jina la Klaus Wachsmann. Jina hilo linajadilika. Mtu angeweza kuuliza kwa nini isiitwe ya Muyinda, aliyefariki mwaka 1993, au ya mpiga enanga mmojawapo. Kazi ya hifadhi lakini inaendelea bila kungojea jibu, na imeongezewa rekodi nyingine mpya na za zamani.

Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia British Library, huduma zake nyingi za intaneti zikalala kwa muda mrefu, pamoja na ukurasa ambao watu wa mbali waliutumia kusikilizia sauti za zamani. Nakala ya Makerere haikuguswa.

Wakati mpaka wa Gatuna ulipofungwa na Rwanda Februari 2019 na kubaki hivyo mpaka mwisho wa Januari 2022, malori yalizunguka au yakarudi, na wenye maduka Mbarara na Kabale walihesabu hasara. Katika Nakivale, upande huu wa mpaka, inanga ya Rwanda na ya Burundi na ya Kivu zilikuwa tayari zimeshafika, nyingine zikiwa zimebebwa, nyingi zikiwa kichwani tu mwa wazee waliovuka mikono mitupu. Wengi wa wazee hao hawajawahi kurekodiwa na mtu yeyote. Nyimbo za Ankole zilizorekodiwa zaidi ya miaka 70 iliyopita ziko Makerere, takriban kilomita 270 kwa barabara kutoka Mbarara.